Matembezi ya Nusu Siku Mji Mkongwe, Unguja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Karibuni. Majibu haya tumeyaandika kwa wanaotembea nasi kwa Kiswahili: watu wa bara, ndugu zetu wa Mombasa na Lamu, Wapemba, na Waunguja wenyewe wanaopita Mjini kila siku wakienda Darajani bila kusimama. Maswali mengine ni ya viatu na mvua, hayo tumeyajibu kwa ufupi. Ya historia yametuchukua nafasi zaidi kwa sababu ndiyo yanayoleta mabishano njiani.

Tunaanzia wapi, na saa ngapi?

Mbele ya Ngome Kongwe, upande unaotazama bustani ya Forodhani, saa mbili asubuhi. Tunamaliza Shangani kwenye saa sita, kabla jua halijawa kali na kabla ya adhana ya adhuhuri. Ukitoka Dar es Salaam, boti ya kwanza ya asubuhi haitakuwahisha. Njoo tangu jana yake, au chukua mzunguko wa mchana unaoanza saa nane na nusu na kumalizika karibu na magharibi. Mzunguko wa mchana tunaupindua: Mkunazini kwanza, baharini mwisho.

Tunapita wapi?

Forodhani na Ngome Kongwe, kisha Beit al-Ajaib na Kasri kwa nje, tunafuata Mizingani mpaka Zahanati ya Zamani, tunaingia Malindi na Kiponda, tunatokea sokoni Darajani. Hapo tunapumzika kidogo. Baada yake ni Mkunazini, Hamamni kwenye bafu za Kiajemi za Sultani Barghash, Sokomuhogo, Baghani, na kanisa la Mtakatifu Yosefu ambalo minara yake miwili unaiona ukiwa bado ndani ya boti. Tunashukia Shangani. Ni mwendo wa kilometa tatu hivi, lakini hakuna anayetembea kilometa tatu za Mji Mkongwe kwa nusu saa. Kila kona ina mtu wa kusalimiwa.

Msijali mpangilio ukibadilika. Gari la ng'ombe likiziba kichochoro, au kukiwa na msiba mtaani na viti vimepangwa njiani, tunazunguka.

Mji huu ulikuwa mji mkuu wa nini hasa?

Wa vitu vingi kwa zamu. Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake hapa kutoka Muscat, na kuanzia mwaka 1840 Unguja ndiyo iliyokuwa kiti cha utawala wa Oman na pwani yetu pamoja. Alifuata biashara: pembe za ndovu, watumwa, na karafuu ambazo yeye mwenyewe alisukuma zipandwe. Alifariki 1856 akiwa safarini baharini. Wanawe wakagombania, na mwaka 1861 Oman na Zanzibar zikatenganishwa. Mwaka 1890 Waingereza wakatia himaya yao. Uhuru ukaja tarehe 10 Disemba 1963, Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, na Muungano tarehe 26 Aprili mwaka huohuo. Mpaka leo mji wa Zanzibar ni makao makuu ya Serikali ya Mapinduzi.

Kuna jambo moja ambalo msemaji wa Kiswahili ana haki ya kulijua akiwa amesimama hapa. Lugha uliyosomeshwa darasani, uwe umesomea Kigoma au Kisumu, msingi wake ni Kiunguja, lahaja ya mji huu. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoanza kazi 1930 ndiyo iliyokisanifisha. Kwa hiyo usishangae kiongozi wako akisema skuli, mbatata na tungule pale ambapo wewe ungesema shule, viazi na nyanya. Yupo kwao.

Beit al-Ajaib inaingilika?

Kwa sasa usiitegemee. Barghash aliijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe, na ndiyo nyumba ya kwanza kutiwa umeme hapa Zanzibar. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake kubwa, pamoja na mnara wa saa, iliporomoka wakati mafundi wako kazini, na watu wawili wakafa. Tangu hapo ni jengo la ukarabati. Tunasimama ng'ambo ya njia, tunaonyesha nguzo za chuma na roshani, na tunaeleza kilichotokea. Mgeni anayetaka kusogea chini ya kiunzi apate picha nzuri atazuiwa, na sisi tutakuwa wa kwanza kumzuia.

Utawasikia watu wakisema watumwa walizikwa wakiwa hai chini ya nguzo zake. Hadithi hiyo inatembea sana, lakini ushahidi wake hatujauona popote, kwa hiyo hatuisimulii kama habari ya kweli.

Vile vyumba vya chini Mkunazini, ni kweli walifungiwa watumwa humo?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na tunaomba ulisome jibu mpaka mwisho.

Soko la watumwa lilikuwepo hapo Mkunazini. Hilo halina ubishi. Lilifungwa Juni 1873, Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza huku manowari zao zikiwa tayari kuuzingira mji. Mwaka huohuo wamisheni wa Kianglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa juu ya uwanja wa soko. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi. Steere ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuandika sarufi ya Kiswahili na kuanza kutafsiri Biblia, na alipofariki 1882 alizikwa nyuma ya madhabahu. Ndani ya kanisa upo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, kijiji cha Zambia ya leo ambako moyo wa Livingstone ulizikwa.

Vyumba vya chini viko pembeni, chini ya jengo la misheni. Ni vya chini sana, unaingia umeinama, pumzi inabana. Kwa miaka mingi wageni wameambiwa kwamba watumwa walirundikwa humo kabla ya kunadiwa. Tatizo ni kwamba jengo lililo juu yake ni la wamisheni, limejengwa baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaosema vyumba hivyo vilikuwa stoo za hospitali ya misheni. Sisi tunakuingiza, tunakwambia yote mawili, na tunakuachia. Kuna watembezaji wenzetu wanaotuona tunaharibu biashara. Tunachojibu ni kuwa mateso ya waliouzwa pale hayahitaji chumba cha kuongezea chumvi: watu walipangwa uwanjani, wakafunuliwa midomo kukaguliwa meno, wakapigiwa bei. Inatosha.

Nje kuna sanamu ya watu watano ndani ya shimo, shingo zao zimefungwa mnyororo. Aliichonga Clara Sörnäs wa Sweden mwaka 1998. Tunaomba watu wasipige picha za kucheka hapo. Na jambo linalowashangaza wengi: kufungwa kwa soko hakukumaliza utumwa. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliendelea kuwa na watumwa, na amri ya kuufuta ilitoka mwaka 1897.

Misumari ya milangoni ni ya kuzuia tembo?

Hapana. Unguja haina tembo wa mwituni wa kumzuia. Mtindo wa kupigilia vyuma vyenye ncha ulianzia Bara Hindi, ambako tembo wa vita walisukumizwa kwenye malango ya ngome. Ulipofika hapa ukawa pambo la shaba la kuonyesha uwezo wa mwenye nyumba. Mlango ulikuwa unatangulia nyumba: aliyeweza kujenga aliagiza mlango kwanza.

Tunasimama kwenye milango kadhaa, na mmoja huwa tunaukagua kwa utaratibu. Tazama kizingiti cha juu kwanza. Kikiwa kimenyooka na kina maandishi ya Qur'ani, ni mtindo wa Kiarabu. Kikiwa na upinde wenye maua, ni mkono wa Kihindi, na mingi ya namna hiyo ni ya mwisho wa karne ya 19. Kisha shuka na miimo: samaki au mawimbi chini, mnyororo ukipanda pembeni, yungiyungi au mtende. Katikati ya mbao mbili ndipo penye mfaa, gogo lililochongwa ambalo mkono wa mgeni huwa unaukimbilia. Gusa taratibu. Ubao ni msaji au mfenesi, na pale pa kukamatia pamelainika kwa vizazi vya viganja.

Maana za nakshi usizichukue kama sheria. Wengi husema samaki ni uzazi, mnyororo ni ulinzi, na wengine watakwambia mnyororo ni dalili ya kuwa mwenye nyumba alikuwa na watumwa. Fundi aliyechonga hakuacha maelezo.

Kwa nini nyumba ni kubwa hivi lakini vyumba vyembamba? Na kwa nini zinaanguka?

Vyumba vyembamba kwa sababu ya mikoko. Dari zote za zamani zimebebwa na boriti, na boriti nzuri ya mkoko haizidi sana mita tatu. Fundi hakuwa na uwezo wa kutanua chumba kuliko mti wake, kwa hiyo alikirefusha. Ukishajua hivyo, kila ukumbi utakaouingia utaupima kwa macho.

Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, nene kiasi cha mkono mzima wa mtu. Kiponda kuna ukuta ambao lipu yake imebanduka, tunasimama hapo makusudi. Unaona jiwe lenye vitundu vitundu, chokaa nyeupe, vichwa vya boriti vilivyoanza kuoza pale maji yanapopenya. Ndiyo maradhi yenyewe. Chokaa inapumua, unyevu ukiingia unatoka. Mtu akija na saruji akapiga lipu ngumu juu yake, unyevu unabaki ndani, unazila boriti kimya kimya, mpaka siku dari inashuka. Ni sawa na kumvika mwenye homa koti la mvua.

Lakini msiwalaumu mafundi peke yao. Baada ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka au nyumba zao zilitaifishwa, zikaingia familia nyingi kwa kodi ndogo, na hakuna aliyejiona ana wajibu wa paa. Nyumba nyingine ni wakfu, nyingine zina warithi waliotawanyika Muscat, Dar na London. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa 1985, na UNESCO iliuingiza mji kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, yakafuata masharti juu ya madirisha, rangi na ghorofa. Mwenyeji anayetaka kuongeza choo atakupa maoni yake kuhusu masharti hayo, tena bila kuombwa.

Vita vifupi kuliko vyote duniani vilipiganwa hapa kweli?

Kweli, na tunasimama palepale. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Binamu yake Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza. Wakampa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Hakutoka. Manowari zikafyatua, na kwa muda unaotajwa kati ya dakika 38 na 45 kasri lilikuwa kifusi na meli ya kifalme, Glasgow, imezama bandarini. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na Hamoud bin Mohammed akawekwa kitini.

Wageni hucheka wakisikia dakika. Upande wa Zanzibar watu wapatao mia tano waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja.

Nyumba ya Freddie Mercury tutaiona?

Tutapita makumbusho yake Shangani, yaliyofunguliwa 2019. Mwimbaji huyo wa bendi ya Queen alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, na familia iliondoka 1964. Ama nyumba aliyokulia, zipo kadhaa zinazodai. Chagua unayoipenda.

Mimi ni mtu wa hapa hapa. Nitapata nini kipya?

Mara nyingi wenyeji ndio wanaotuongezea sisi. Bibi mmoja akitembea nasi anaweza kusimama Sokomuhogo na kusema hapa paliuzwa kitu fulani, hapa alikaa mganga fulani, na kiongozi ananyamaza. Hata hivyo wengi hawajawahi kuambiwa kuwa ile Zahanati ya Zamani yenye roshani za kijani ilijengwa na Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kihindi, jiwe la msingi likiwekwa 1887 kwa yubilei ya Malkia Victoria. Au kwamba Darajani palikuwa na daraja kweli, juu ya mkono wa bahari uliotenganisha Mji na Ng'ambo kabla haujafukiwa. Au kwamba Abdulrazak Gurnah, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi 2021, ni kijana wa Malindi. Wanafunzi wa skuli tunawapokea kwa mpango wa pekee, mwalimu atuandikie mapema.

Nivae nini?

Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Huu ni mtaa wa watu, kuna madrasa na misikiti kila hatua. Viatu vya chini visivyoteleza, maana mawe ya vichochoroni yakilowa ni hatari. Kanga moja begani inakufaa kwa mambo mengi.

Tunaingia misikitini?

Muislamu anayetaka kuwahi sala, tunasimama. Asiye Muislamu anaangalia kwa nje. Siku ya Ijumaa tunamaliza mapema.

Naruhusiwa kupiga picha?

Milango, roshani na paka, piga utakavyo. Watu, omba kwanza. Wazee waliokaa barazani wakicheza bao si maonyesho, na mama aliyekaa mlangoni kwake yuko nyumbani kwake hata kama miguu yake iko njiani. Toa salamu kabla ya kutoa simu. Kijana anasema shikamoo, anajibiwa marahaba, na mara nyingi picha inapatikana bila hata kuiomba.

Tutakula nini njiani?

Darajani tunakunywa kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, inamiminwa kutoka kwenye dele, pamoja na kashata. Ukitaka zaidi, mwisho wa matembezi tunakupeleka kwenye urojo, na hapo hatuna masihara. Mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe mbichi au ndimu unamwagwa juu ya vipande vya mbatata, kisha zinaangukia bajia, kachori, yai, mshikaki mmoja uliochomolewa kijitini, chatne ya nazi, pilipili, na juu kabisa chipsi za muhogo zilizokunwa nyembamba ambazo lazima uziwahi hazijalainika. Kila mpishi ana mkono wake. Urojo mzito kama uji tunaukataa.

Forodhani ni ya usiku. Nenda mwenyewe baada ya magharibi, uliza bei kabla ya kuchagua samaki.

Nikija Ramadhani?

Matembezi yapo, lakini hakuna kula wala kunywa hadharani mchana, pamoja na wewe usiyefunga. Maji utakunywa ndani ya sehemu tutakayokuonyesha. Tunapunguza mwendo kwa sababu kiongozi naye amefunga. Jioni ndiyo mji unaamka, na wengi huomba mzunguko wa baada ya tarawehe. Tukiwa na watu wa kutosha, tunaufanya.

Na mvua?

Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, mvua inaweza kukatiza asubuhi nzima. Njia za Mkunazini hujaa maji. Tukiona wingu baya tunakusogezea siku bila gharama. Mvua za vuli, Novemba na Disemba, zinapita upesi. Tunajibanza barazani na safari inaendelea. Wakati mzuri kabisa kwa wasiopenda jasho ni Juni hadi Agosti.

Wazee, watoto, kiti cha magurudumu?

Watoto wanakuja, ila shikeni mikono: vespa na baiskeli zinapita vichochoroni zikipiga honi dakika ya mwisho. Kwa wazee tuna njia fupi yenye mabaraza mengi ya kukalia. Kiti cha magurudumu kinaweza kwenda Forodhani, Mizingani na Shangani. Ndani zaidi kuna ngazi na mitaro, hatutakudanganya. Tuambie mapema tupange.

Nitajuaje kuwa kiongozi ni halali?

Mdai kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Atakayekufuata bandarini akidai ni wetu na hana kitambulisho, huyo ni papasi. Wengine ni vijana wazuri wanaotafuta riziki, lakini atakupeleka kwenye duka linalomlipa kamisheni, na historia atakayokupa ndiyo ile ya tembo milangoni. Sisi hatuingizi wageni madukani ila wao wakitaka.

Malipo yakoje?

Kwa shilingi, taslimu au kwa simu. Bei utaiona kwenye ujumbe wa kuthibitisha nafasi yako, na ya Watanzania na wakaazi ni tofauti na ya wageni wa nje. Viingilio vya Mkunazini na makumbusho havimo, kila mtu analipa mlangoni. Njoo na kitambulisho, la sivyo mlangoni watakutoza kama mgeni.

Nikipotea, au nikichelewa?

Kupotea si balaa. Shika njia yoyote ukaze mwendo, utatokea baharini au barabara ya Darajani. Au uliza barazani, lakini salimu kwanza. Ukichelewa, tunasubiri dakika kumi na tano pale Ngome Kongwe kisha tunaondoka. Piga namba iliyo kwenye ujumbe wako, tutakwambia tulipo. Pahali rahisi pa kutukutia ni Zahanati ya Zamani, maana tukitoka hapo tunaingia vichochoroni na hata mwenye bodaboda hatoweza kukufikisha.